Nyumba ya Kupangisha



Nyumba ya zamani ya Kariakoo twaijua: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Mwenye nyumba akitaka kuikarabati apangishe, huanza na rangi, kisha hupandisha kodi. Nguzo na zisubiri! Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa la maduka liliporomoka papo hapo Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Mashuhuda walisema chini yake palikuwa pakichimbwa.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamwagiza mjenzi azungushie paa lake ukingo, asije akadaiwa damu ya atakayeanguka. Na hiyo ni nyumba mpya, sembuse ya zamani! Mpangaji huona mlango na dirisha; msingi haujui. Wewe unayeongeza chumba, umemwita mhandisi?