Herufi Zilizotoka Pwani ya Foinike

Ndugu zangu wa Busia na Malaba,

Mwenye mzigo afikapo hapa mpakani, huulizwa karatasi zake. Basi yafaa tujue asili ya herufi zilizoandikwa juu ya karatasi hizo.

Kando ya Bahari ya Kati, katika nchi iitwayo leo Lebanoni, ilikuwako zamani pwani nyembamba ya Foinike, yenye miji ya Tiro, Sidoni na Gebali. Milima iliwabana wenyeji, na ardhi ya kulima ilikuwa haba. Kwa hiyo wengi wao walikuwa mabaharia na wafanyabiashara. Waliuza mbao za mierezi, na nguo za rangi ya zambarau iliyotolewa katika konokono wa baharini. Watu wa Tiro ndio walioanzisha mji wa Karthago, katika Tunisia ya leo.

Wayunani waliuita mji wa Gebali Byblos. Kwa jina lilo hilo waliyaita mafunjo, mmea wa kutengenezea karatasi, ambao huota hata katika mabwawa ya Mto Sio. Ndiko lilikotoka neno Biblia.

Lakini urithi wao mkubwa ni herufi 22. Wamisri walitumia alama mamia, nazo zilijulikana na makarani wachache tu. Wafoinike walirithi alama chache zilizobuniwa kabla yao, wakazitengeneza vizuri, wakazieneza baharini pamoja na bidhaa zao. Wayunani walizichukua yapata miaka 800 kabla ya kuzaliwa Kristo, wakaongeza irabu. Baadaye zikawafikia Warumi. Upande wa pili zilichukuliwa na Waaramu, na kutokana na maandishi yao zikatokea herufi za Kiarabu.

Kwa hiyo Kiswahili kimezipata herufi hizo kwa njia mbili. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sisi leo twaandika kwa zile za Kirumi. Asili yake ni moja.

Ndugu zangu, atiaye alama ya kidole gumba juu ya hati asiyoweza kuisoma ameitia mali yake mikononi mwa mwingine. Mzee asione haya kujifunza kwa mwanawe, wala mama muuza samaki asiseme kwamba kusoma ni kazi ya makarani. Wazee wetu walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari.