Mafunzo ya Mtaalamu wa Tiba ya Gestalti: Nafsi ya Tabibu kama Chombo cha Kazi

Utangulizi

Mada hii inajadili namna mtaalamu wa tiba ya Gestalti anavyoandaliwa, kuanzia masharti ya kuingia mafunzoni hadi siku anapopewa idhini ya kuhudumia watu kwa jina la taaluma hiyo. Tiba ya Gestalti ni tawi la tiba ya kisaikolojia, yaani tiba inayotegemea mazungumzo na uhusiano baina ya tabibu na mteja badala ya dawa, na jina lake limetokana na neno la Kijerumani linalotaja umbo zima lisiloweza kueleweka kwa kuchunguza kipande kimojakimoja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chombo kikuu cha kazi katika tiba hii ni nafsi ya tabibu mwenyewe. Kwa sababu hiyo, sehemu za mafunzo ambazo wengi huziona kuwa za ziada, yaani tiba binafsi ya mwanagenzi na usimamizi wa kazi yake, ndizo kiini cha maandalizi yote, ilhali mbinu zilizoipatia tiba hii umaarufu hupoteza thamani zikitengwa na kiini hicho.

Chimbuko la tiba na la mafunzo yake

Waasisi wa tiba hii ni Fritz Perls, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Berlin mwaka 1893, na mkewe Laura Perls, aliyezaliwa Pforzheim mwaka 1905 na kusomea saikolojia mjini Frankfurt. Wote wawili walifuzu katika uchanganuzinafsi, yaani njia ya Sigmund Freud ya kufukua maana zilizofichika katika kumbukumbu, ndoto na maneno ya mgonjwa. Hata hivyo, huko Frankfurt walijifunza pia kwa Kurt Goldstein, daktari wa neva aliyewatibu askari waliojeruhiwa ubongo katika Vita Kuu ya Kwanza, na ambaye alishikilia kwamba jeraha la sehemu moja hubadili mwenendo wa kiumbe kizima. Laura aliathiriwa vilevile na mwanafalsafa Martin Buber, ambaye kitabu chake cha mwaka 1923 kilitofautisha kumkabili mwenzako kama mtu na kumkabili kama kitu.

Baada ya Wanazi kushika madaraka mwaka 1933, familia hiyo ya Kiyahudi ilikimbilia Uholanzi na kisha Afrika Kusini, ambako mwaka 1935 ilianzisha taasisi ya uchanganuzinafsi mjini Johannesburg. Ni katika nchi hiyo ya Afrika ambapo mawazo yao yalianza kuachana na ya Freud, yakichochewa pia na nadharia ya mwanasiasa Jan Smuts, aliyeandika mwaka 1926 kwamba maumbile huelekea kuunda vitu vizima vinavyozidi jumla ya sehemu zake. Kitabu cha kwanza cha mwelekeo huo mpya, ambacho Laura alichangia baadhi ya sura zake, kilichapishwa Durban mwaka 1942.

Kitabu kilichoipa tiba hii jina lake kilitoka New York mwaka 1951, kikiwa kimeandikwa na Fritz Perls pamoja na Paul Goodman na Ralph Hefferline. Jambo lenye uzito kwa mada hii ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mazoezi ya kujichunguza, ambayo wanafunzi wa Hefferline katika Chuo Kikuu cha Columbia waliyafanya na kutoa taarifa za waliyoyapitia. Tangu mwanzo, basi, tiba ya Gestalti ilifundishwa kwa kumtaka anayejifunza aipitie yeye mwenyewe. Taasisi ya New York iliundwa mwaka 1952, na muda mfupi baadaye kundi la wataalamu wa Cleveland lilianzisha yake, ambapo Isadore From alisafiri kutoka New York kwenda kulifundisha kwa miaka kadhaa.

Misingi ya nadharia anayofundishwa mwanagenzi

Nadharia ya tiba hii imejengwa juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni fenomenolojia, yaani utaratibu wa kueleza jambo kama linavyojitokeza kabla ya kulitafutia sababu, ambao humtaka tabibu aone pumzi iliyokatika, sauti iliyoshuka au ngumi iliyofumbwa bila kukimbilia tafsiri. Nguzo ya pili ni uhusiano wa mazungumzo, unaotokana na Buber, ambamo tabibu huwapo kwa ukweli wake badala ya kujificha nyuma ya cheo. Ya tatu ni nadharia ya uga, iliyotokana na kazi za mwanasaikolojia Kurt Lewin, inayosema kwamba mtu na mazingira yake ni mfumo mmoja, hivyo tabia haiwezi kueleweka nje ya mahusiano inamotokea. Nguzo hii ina maana kubwa kwa mtaalamu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa kijana anayemhudumia mzee akiona macho yaliyoinamishwa, au akisikia jibu fupi la heshima, hana budi kujiuliza kama mbele yake pana ukwepaji au pana adabu ambayo wote wawili wamelelewa nayo.

Pamoja na nguzo hizo, mwanagenzi hujifunza dhana ya mgusano, yaani mahali mtu anapokutana na kisicho yeye, pamoja na njia ambazo watu huzitumia kuuvuruga mgusano huo. Baadhi humeza maagizo ya wengine bila kuyatafuna, baadhi huwabandikia wenzao hisia zilizo zao, na baadhi hujigeuzia hasira iliyostahili kuelekezwa nje. Hujifunza pia nadharia ya mabadiliko iliyoandikwa mwaka 1970 na Arnold Beisser, daktari wa akili aliyepooza kwa polio akiwa kijana, ambaye alieleza kwamba mtu hubadilika anapokuwa kikamilifu vile alivyo, wala si anapojilazimisha kuwa asivyo. Nadharia hii ni mtihani mgumu kwa wanagenzi wengi, kwa kuwa huwavua shauku ya kumsukuma mteja kuelekea nafuu wanayoitamani wao.

Muundo na muda wa mafunzo

Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini viwango vya Shirika la Ulaya la Tiba ya Kisaikolojia, lililoundwa mwaka 1991, vinatoa kipimo kizuri. Cheti chake hudai mafunzo yasiyopungua saa 3,200 katika muda wa miaka 7, ambapo miaka 3 ya mwanzo ni sawa na shahada ya chuo kikuu na miaka 4 inayofuata ni ya tawi mahususi la tiba, kama Gestalti. Ndani ya miaka hiyo 4 mna nadharia, utendaji na wateja, saa 250 za mwanagenzi kujipitia mwenyewe na saa 150 za usimamizi.

Darasani, zoezi la kawaida ni la watu watatu, ambapo mmoja hushika nafasi ya tabibu, wa pili huleta jambo lake la kweli na wa tatu hutazama, kisha hupokezana nafasi na kuelezana walichoona na walichohisi. Kundi zima nalo hukutana kwa vipindi virefu ili kuchunguza kinachotokea baina ya wanakundi wenyewe, kama vile mashindano, ukimya na upendeleo, kwa sababu mambo hayo hayo yatajitokeza kati ya tabibu na mteja.

Tiba binafsi inahitajika kwa sababu tabibu hawezi kukaa na huzuni ya mwingine ikiwa yake mwenyewe haijawahi kupata nafasi. Usimamizi, yaani mikutano ya mara kwa mara ambamo mwanagenzi humweleza mtaalamu mzoefu kazi yake, humsaidia kutambua pale anapomwokoa mteja, anapomkwepa au anapomtumia kutimiza haja zake mwenyewe. Katika mikutano hiyo ndimo maadili ya kazi, hususan usiri na mipaka ya uhusiano, hugeuka kutoka kanuni zilizokaririwa na kuwa mazoea.

Hatari ya njia ya mkato

Historia ya tiba hii ina onyo linalostahili kuzingatiwa. Katika miaka ya 1960 Fritz Perls alifanya maonyesho mengi huko Esalen, California, akimkaribisha mtu mmoja mbele ya hadhira na kumtaka azungumze na kiti kitupu kana kwamba kimekaliwa na mzazi, adui au sehemu ya nafsi yake. Mbinu hiyo, iliyotokana na tiba ya maigizo ya Jacob Moreno, ilivuta macho ya wengi, na baadhi ya waliohudhuria warsha chache waliondoka wakiamini kuwa wameshahitimu. Perls mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aliwaonya watu dhidi ya wale wanaoahidi uponyaji wa papo kwa papo.

Madhara ya mkato huo yanaeleweka kwa nadharia ya tiba yenyewe. Mwanagenzi aliyekariri mbinu ameimeza bila kuitafuna, na akiipeleka kwa mtu aliyeumizwa na vita au ukatili anaweza kumfungulia maumivu ambayo hana uwezo wa kuyapokea. Aliyepitia mafunzo kamili hutazama kwanza kama mteja ana tegemeo la kutosha katika pumzi yake, katika mwili wake na katika watu wanaomzunguka, na mara nyingi huamua kutokitumia kiti hicho kabisa.

Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na yaliyojadiliwa, mada hii inapendekeza mambo matatu kwa taasisi za Afrika Mashariki zinazofikiria kufundisha tiba ya Gestalti. Kwanza, tiba binafsi na usimamizi viwekewe saa maalumu na kupimwa kwa uzito sawa na mitihani ya nadharia. Pili, mazoezi ya watu watatu yafanywe pia kwa Kiswahili na lugha nyingine za wateja, kwa kuwa hisia nyingi huzungumzwa katika lugha aliyolelewa nayo mtu, na tabibu asiyeizoea katika mafunzo ataikosa kazini. Tatu, mafunzo yaende sambamba na sheria za nchi pale zilipo, kama Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 nchini Kenya, iliyounda bodi ya kusimamia taaluma hizo. Muda na gharama ya maandalizi hayo ni kubwa, lakini mteja anayefika akiwa hana mahali pengine pa kupeleka uchungu wake anastahili kumkuta tabibu ambaye tayari amefundishwa kuusikiliza, kwa hiyo mzigo wa maandalizi hayo ni wajibu wa taasisi na wanagenzi kuubeba kabla mteja hajabisha hodi.