Pampu Moja, Komite Tatu
Maneno yetu mbele ya wajumbe wa mashirika ya kartie, Kasongo



Njia ya kutoka upande wa Kabambare tunaijua. Tunajua vile matope iko, na tunajua pia vizuizi viko wapi na kila kizuizi kinaomba nini. Mtu anayetoka Wamaza kuja kuongea juu ya pampu na machela hana wakati wa kupoteza, basi tutaenda mbio.

Tulipita kartie kwa kartie na swali moja tu: hapa kwenu, nani anahudumia watu? Hakuna mahali walituambia «hakuna mtu». Huku likelemba ya wamama wa sokoni, kule wamama wa parokia, wamama wa msikiti, CODESA ya kituo cha afya, wale RECO wanaotembea nyumba kwa nyumba siku za chanjo bila mshahara, komite ya wazazi kwenye masomo, vijana wa salongo wanaofungua mitaro mbele ya mvua. Watu wako. Tena wengi.

Kisha tukakuta kitu kingine. Kwenye kartie moja kuko pampu moja na komite tatu. Ya kwanza iliundwa na mradi uliochimba kisima. Ya pili iliundwa na mradi uliokuja kutengeneza. Ya tatu ni ya vijana wa pale, sababu zile mbili zilikuwa zimelala. Zote tatu ziko na kashe, ziko na prezida, ziko na daftari. Ufunguo wa kufungulia pampu, hakuna aliye nao! Mpira wa ndani umekwisha, na wamama wamerudi kwenye kijito. Na ninyi mnajua kijito kinaleta nini: kuhara, kipindupindu, mtoto hopitalini, na deni.

Hatusemi watu wa zile komite ni wabaya. Kila mradi unapokuja unataka komite yake, picha yake, liste yake ya mahuzurio. Mradi ukiisha komite inabaki yatima. Lakini mradi haukutukataza kuongea sisi kwa sisi.

Na tusidhani hii ni mambo mapya ya kuletewa kutoka Kinshasa. Hapa hapa Kasongo, tangu 1971, waganga wa hapa pamoja na wale wa Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerpen walianza Mradi wa Kasongo: vituo vya afya karibu na watu, hopitali moja nyuma yao, na wakaaji wakae kwenye komite waseme neno lao. Hiyo ni mbele ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978. Mambo yaliyojaribiwa hapa yalisaidia kuonyesha njia ya zone za afya ambazo leo ziko inchi nzima. Wazee wetu wengine walikaa kwenye zile komite. Muwaulize, wangali wanakumbuka.

Sasa tuongee juu ya jambo linalotuuma kuliko yote, wamama wanaobeba mimba.

Mama anashikwa na uchungu kijijini, ndani ya Kabambare. Munganga wa kituo anaona hataweza, anaandika karatasi ya kumtuma hopitali. Kuanzia pale kila dakika iko na bei. Bwana anatafuta pikipiki, anatafuta esansi, anauza mbuzi kwa bei ya hasara usiku, sababu mnunuzi anajua shida yake. Wakati ule ule, kwenye njia mama atakayopita, kuko likelemba na makundi ya akiba nne ao tano. Kila moja iko na sanduku, na kila sanduku limefungwa kungojea siku ya kugawana. Pesa iko barabarani yote, lakini haitembei na mgonjwa.

Tunaomba hivi. Kila kundi liweke kando kiasi kidogo kila juma, kile wanachama wenyewe watakubali, kiwe cha kusafirisha wagonjwa tu. Kundi la kijiji cha kwanza linalipa mpaka kijiji cha pili, la pili linaendelea. Kila mmoja anaandika. Mwisho wa mwezi waweka hazina wanakutana siku ya soko, wanalinganisha madaftari, aliyelipa sana anarudishiwa. Hakuna sanduku kubwa la pamoja, juu tunajua sanduku kubwa linazaa nini. Wamama wa likelemba walituambia wazi: «Pesa yetu haitalala nyumbani kwa mtu tusiyemujua.» Wako na haki.

Kuko na neno la wakimbizi pia. Kila mara risasi zinapolia upande wa Salamabila ao karibu na mpaka wa Fizi, familia zinafika huku, na mama aliyechanga kwenye likelemba yake miezi mingi anafika hana kitu wala kundi. Tunapendekeza karatasi ndogo: jina, kundi lake, amechanga ngapi, sahihi ya mwenzake mmoja. Akifika kartie yoyote ya Kasongo, kundi la pale limpokee kama mwanachama kwa jambo la ugonjwa. Halitamlipa yote, lakini mtoto wake akishikwa na homa asianze kuomba mlango kwa mlango.

Wengine wenu mmetuuliza kama tunataka kuunda shirika kubwa la kumeza madogo. Hapana. Sheria ya 20 Julai 2001 juu ya ASBL inataka sahihi ya Waziri wa Sheria ili shirika lipate utu wa kisheria. Tutatumia miaka na makuta kufuata karatasi, kisha tutagombana juu ya kiti cha prezida. Kila mtu abaki na jina lake na kashe yake. Meza tu ndiyo iwe moja.

Na msitusikie vibaya: sisi si watu wa kusema Leta ipumzike. Katiba inasema masomo ya msingi ni bure. Sheria ya 7 Oktoba 2008 imezipa sekta na sheferi madaraka na bajeti. Code ya migodi ya 2018 inasema 15% ya malipo yale wanaita «redevance» iende kwa sekta ao sheferi ambamo migodi iko, na kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Dhahabu ya Namoya iko Kabambare, haiko Ulaya. Lakini tukienda kwa shefu wa sekta na kilio tu, atatupa soda na pole. Tukienda na daftari moja linaloonyesha pampu ngapi zimekufa, tangu lini, kwa kukosa kipande gani, na mashirika yote yametia sahihi, pale atalazimika kujibu kwa tarakimu. Vijana wetu wataandika. RECO nao wasiendelee kubebeshwa kazi ya bure milele, hilo pia tutaliandika.

Tunaanza na pampu, sababu pampu inaonekana na haina siasa. (Kwa kweli iko nayo, mtaona mkianza kuuliza nani anashika ufunguo.) Daftari liko hapa mezani. Kila shirika liandike pampu iliyo karibu nalo, kama inatoa maji ao hapana, na nani wanasema ni komite yake, hata kama majina ni matatu. Wa Kabambare waandike wa kwanza, juu wako na njia ndefu ya kurudi na jua haliwangoji.