Matundu ya Hewa si ya Kuzibwa
(Mazungumzo kwa wanachama wa Kabuchai)



Leo sisemi juu ya mshahara. Nasema juu ya yale matundu madogo yaliyo juu ukutani, karibu na dari, katika nyumba zetu za zamani. Wengi wetu tumeyaziba. Baridi ya Mlima Elgon ikishuka Chwele wakati wa mvua, mtu huchukua gunia kuukuu akalishindilia tunduni. Mwingine huziba kwa sababu ya mbu. Siwacheki, kwani hata mimi niliziba.

Usiku mmoja tuliingiza jiko la makaa chumbani, tukafunga mlango, tukalala. Usiku wa manane mke wangu akaanza kutapika. Mimi kichwa chaniuma, miguu haina nguvu. Tukadhani ni malaria. Tulipofungua mlango ili twende hospitali, upepo ukatupiga, na baada ya kitambo tukapata nafuu. Ilikuwa sumu ya makaa.

Sumu hiyo huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hata makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa. Huingia katika damu ikashika mahali pa hewa njema. Aliyelala huenda asiamke tena.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, toa gunia, safisha vumbi na viota, ukiwa umefunika pua na mdomo.

Pili, kwa ajili ya mbu, pigilia wavu wa waya. Usafishe mara kwa mara, maana ukijaa vumbi ni sawa na kuziba.

Tatu, jiko lisilale chumbani hata kama matundu ni wazi. Tundu hupunguza hatari, haliiondoi. Baridi ni kazi ya blanketi.

Tena kumbukeni kwamba kifua kikuu huenea upesi penye hewa iliyofungwa.

Nne, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au fedha za kutosha za kodi. Mimi nasema nyumba isiyopumua haifai. Mkikuta matundu yamezibwa kwa simiti, msinung'unike kila mtu kwake. Mwambieni mjumbe wa chama aandike barua kwa niaba ya wote.

Jioni hii, kabla ya kulala, kila mtu atazame juu ukutani kwake.