Utayari wa Kutuliza Roho

Huduma ya kiroho ni sehemu ya tiba shufaa, tiba ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba mgonjwa wa namna hiyo huumwa mwili, akili, mahusiano na roho kwa pamoja. Uganda ilianza tiba hiyo rasmi mwaka 1993, Anne Merriman alipounda Hospice Africa Uganda; huduma yake ya mjini Mbarara ikafuata mwaka 1998. Tangu 2004 sheria ya nchi hiyo inamruhusu muuguzi aliyesomea tiba hiyo kuandika mofini. Upande wa mwili, basi, mwanafunzi wa uuguzi hupimika: dozi ama ni sahihi ama si sahihi.

Roho haina dozi. Dodoso moja mashuhuri la kupima uwezo wa kutoa huduma ya kiroho, lililotoka Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2009, lina vipengele 27, na mwanafunzi hujipa alama mwenyewe. Alama hizo huonyesha anavyojiamini. Atakachofanya mgonjwa akimwambia Mungu amemtupa, hazionyeshi.

Pengo hilo kati ya kujiamini na kutenda huwa pana zaidi Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, jirani na Mbarara. Mwanafunzi aliyezoea Kinyankore anaweza kukutana huko na Mkongomani mlokole, Mrundi Mkatoliki na Msomali Mwislamu katika zamu moja. Mkatoliki atataka padri na mpako wa wagonjwa. Mwislamu atataka wa kumlakinia shahada. Hayo yanafundishika upesi. Kazi ngumu ni kumsikiliza mtu aliyekimbia vita bila kumzika mwanawe, na sasa anauliza yeye atazikwa wapi, tena kupitia mkalimani ambaye pengine ni binti yake, asiyestahili kuyabeba maneno hayo.

Kipimo cha haki humtaka mkufunzi awepo na aangalie. Je, mwanafunzi aliuliza kabla ya kumwita kiongozi wa dini? Alivumilia kimya? Alitafuta mkalimani asiye wa familia? Kumwombea mgonjwa ambaye hakuomba kuombewa, kosa la wacha Mungu wengi, kuhesabiwe kufeli hata kama sala ilikuwa nzuri.

Mgonjwa naye aulizwe. Chombo cha upimaji cha African Palliative Care Association, jumuiya ya tiba shufaa ya Afrika yenye makao Kampala, humuuliza kama ana amani, na jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Alama hiyo ikichukuliwa kabla na baada ya ziara kadhaa za mwanafunzi, ikasomwa pamoja na aliyoyaona mkufunzi, itaeleza utayari wa mwanafunzi vizuri kuliko dodoso alilojijazia darasani.