Kabla ya Kutia Dawa Kidimbwini: Hotuba kwa Wafugaji wa Samaki



Mfugaji akiamka na kukuta ngege wameelea, jambo la kwanza analofikiria ni dawa. Lakini samaki hufa kwa sababu nyingi. Oksijeni ikipungua majini alfajiri, kizimba kizima chaweza kufa bila ugonjwa wowote, na dawa haitaokoa hata mmoja. Hata palipo na ugonjwa, dalili hudanganya. Damu chini ya ngozi yaweza kuletwa na bakteria wa Aeromonas au wa Streptococcus, na dawa inayomuua mmoja si lazima imuue mwingine.

Hapa ndipo kipimo cha vinasaba kinaposaidia. Mtaalamu wa maabara huchukua kipande cha ini, figo au ubongo wa samaki, akatoa vinasaba, kisha mashine ya PCR ikavinakili kwa kupasha joto na kupoza. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Baada ya mizunguko 30, nakala moja huweza kuzidi bilioni 1. Jeni inayosomwa mara nyingi ni 16S, yenye herufi zipatazo 1,500, ambazo hulinganishwa na za bakteria wanaojulikana. Kwa kuwa bakteria wa Aeromonas hufanana mno katika jeni hiyo, wataalamu huwatofautisha kwa nyingine, kama gyrB.

Mwaka 2022, vinasaba vilionyesha kwamba Flavobacterium columnare, anayeozesha mapezi na matamvua, kumbe ni spishi 4. Mojawapo ilipewa jina la Oreochromis, jamii ya ngege.

Hata hivyo, PCR huona pia vinasaba vya bakteria aliyekwisha kufa, wala haisemi dawa ipi itafaa. Ndiyo maana maabara huotesha bakteria na kuwajaribu kwa dawa.

Majibu mazuri huanzia kidimbwini. Mfugaji apeleke samaki mgonjwa aliye hai bado, kwani aliyeoza huwa ameshavamiwa na bakteria wengine wa majini. Aandike siku vifo vilipoanza, idadi ya waliokufa na hali ya maji. Asiwatupe wagonjwa ziwani wala mtoni. Na kabla ya kununua dawa, amwite afisa wa uvuvi. Dawa ya kubahatisha humaliza pesa, na huwafundisha bakteria kuistahimili.