Mwamuzi wa Mzozo wa Malipo ya Ujenzi: Analipwa na Nani, na Lini?

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya mkadiriaji majenzi mmoja na wanakandarasi wadogo, mafundi na wenye ploti wa mitaa ya Eastlands.

Najua wengine mmeacha mjengo ukiendelea, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nianze na hapa kwetu. Mradi wa Dandora ulipoanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zilipangwa ploti zipatazo 6,000. Mwenye ploti alipata maji na choo, kisha vyumba akajenga mwenyewe na mafundi aliowatafuta. Mpaka leo ujenzi mwingi mdogo huku kwetu huenda hivyo: mtu na fundi wake, neno la mdomo, siku hizi na M-Pesa. Wakikosana, huenda kwa mzee wa mtaa au kwa chifu.

Lakini wengi wenu mmepanda ngazi. Mnapata kandarasi za mitaro, kabro, ukuta wa shule, au mnapewa sehemu ya kazi na mwanakandarasi mkubwa. Mkataba sasa una kurasa nyingi, na huko nyuma kabisa kuna kifungu cha mizozo. Wengi hatukisomi. Leo tukisome.

Mwamuzi ni nani?

Kifungu hicho mara nyingi humtaja mwamuzi, ambaye wenye kazi humwita ajudiketa. Ni mtu wa tatu anayejua ujenzi, asiyeegemea upande wowote, anayeamua haraka nani alipwe nini wakati kazi ingali inaendelea. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 159, inahimiza njia kama hizi nje ya mahakama. Ni njia nzuri. Pesa za kazi zikikwama miezi sita, wewe ndiye unayefunga saiti.

Ila mwamuzi si chifu. Hulipwa, na hulipwa na nyinyi.

Ritensheni si ritena

Maneno haya yanachanganya watu. Ritensheni ni pesa zako. Mwenye kazi hukata asilimia fulani kwenye kila cheti cha malipo, mara nyingi asilimia 10, akaishikilia hadi kazi ikamilike na kasoro zirekebishwe. Ritena ni ada ya kila mwezi anayolipwa mwamuzi ili akae tayari: asome ripoti za kazi, aweke faili, na aitikie akiitwa. Ritensheni utarudishiwa. Ritena ikishalipwa hairudi, hata kama hamkugombana siku moja.

Njia za kumlipa

Njia ya kwanza ni kwa saa. Mkataba wa kawaida wa Benki ya Dunia wa kazi ndogo unaitumia. Ni benki hiyohiyo iliyofadhili mradi wa KISIP uliofika Kayole Soweto. Katika mkataba huo, jina la mwamuzi na kiwango chake kwa saa huandikwa mapema. Akipokea mzozo, ana siku 28 za kutoa uamuzi kwa maandishi. Asiyeridhika ana siku 28 za kuupeleka mbele kwa abitresheni. Zikipita kimya, uamuzi unawafunga wote.

Njia ya pili ni ritena pamoja na ada ya siku. Hii ni ya kazi kubwa, zinazotumia mikataba ya FIDIC. Katika toleo lake la mwaka 1999, kunaweza kuwa na bodi ya mtu mmoja au watatu inayokaa tangu mwanzo wa kazi. Ritena huenda kila mwezi, na hupungua kwa nusu baada ya kazi yote kukabidhiwa. Siku ya kuzuru saiti, kusikiliza pande mbili au kuandika uamuzi ina ada yake ya ziada. Na angalia hapa: mwanakandarasi ndiye anayelipa ankara yote kwanza, kisha anadai nusu kutoka kwa mwenye kazi kupitia hesabu zake za malipo. Kama mwenye kazi tayari hakulipi, hiyo nusu nayo inaingia kwenye foleni.

Njia ya tatu ni kumwita mwamuzi mzozo ukishatokea, bila ritena, kwa ada ya jumla mnayokubaliana. Kwa mkandarasi mdogo, hii mara nyingi ndiyo nafuu, mradi kiasi cha juu kabisa kimeandikwa.

Nusu kwa nusu, hata ukishinda

Hili ndilo linalouma watu. Katika mkataba huo wa kazi ndogo, gharama ya mwamuzi hugawanywa sawa, uamuzi uwe wowote. Kushinda hakukuondolei nusu yako.

Tupige hesabu. Ni mfano tu. Unadai shilingi 600,000. Mwamuzi anatoza 10,000 kwa saa, anatumia saa 24, na nauli na uchapishaji ni 10,000. Jumla ni 250,000. Nusu yako 125,000. Akiamua ulipwe 400,000, mkononi unabaki na 275,000, kabla hujamlipa aliyekuandalia makaratasi. Bado inafaa. Lakini deni likiwa 150,000 na saa zikawa 15, nusu yako ni 75,000. Hapo umeshinda kesi na nusu ya deni imeondoka.

Na ritena? Ya shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa kazi ya miezi 18, ni 900,000. Nusu yako ni 450,000 bila mzozo wowote. Kwa kandarasi ya mtaro, hiyo inakula faida yote.

Jambo lingine: uamuzi wa ajudiketa hupata nguvu kutoka kwa mkataba mliotia sahihi. Mwenzako akikataa kulipa, itabidi umfuate kwa abitresheni au mahakamani, na huko kuna gharama nyingine. Sheria ya Abitresheni ya 1995 inaruhusu waamuzi wa abitresheni kuzuia uamuzi wao mpaka ada yao ilipwe yote. Usifike huko mfuko ukiwa mtupu.

Deni dogo lina mlango wake

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza mizozo ya mikataba ya bidhaa na huduma, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu liwasilishwe. Lakini kama mkataba wako una kifungu cha abitresheni, mwenzako anaweza kuomba kesi isimamishwe mfuate njia hiyo kwanza. Kwa hivyo mlango utakaopitia unauchagua siku ya kutia sahihi, wala si siku ya ugomvi.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Nikiwa kijana katika kazi hii, niliandaa mkataba nikaacha wazi pengo la kiwango cha mwamuzi. Nilidhani tutajaza baadaye. Mzozo ulipokuja, pande mbili zilibishana wiki nyingi juu ya ada kabla ya kugusa deni lenyewe. Fundi aliyekuwa akidai alichoka, akakubali kiasi kidogo na kwenda zake. Alikuwa na haki. Pengo langu ndilo lililomnyima.

Uliza haya kabla ya sahihi

1. Mwamuzi ametajwa, au nani atamteua?
2. Analipwa kwa saa, kwa siku au kwa jumla? Kiasi kimeandikwa?
3. Kuna ritena? Inaanza lini na inaisha lini?
4. Gharama isiyoweza kupitwa ni ngapi?
5. Nani analipa kwanza? Na mwenzangu asipolipa nusu yake, mwamuzi atanidai mimi?
6. Madai madogo yanaweza kwenda moja kwa moja Mahakama ya Madai Madogo?

Ukipata jibu lisiloeleweka, omba liandikwe upya. Kuuliza si kukosa adabu, na mwenye kazi mzuri hachukii swali.

Mwisho, weka rekodi: vyeti vya malipo, stakabadhi za mchanga na simiti, picha za saiti zenye tarehe, ujumbe wa simu. Mwamuzi anayelipwa kwa saa akipata faili iliyopangwa, hutumia saa chache, na kila saa anayookoa nusu yake ni pesa yako.